Huluki dhaifu na huluki imara: jinsi ya kuzitambua, kuzichora na kuzigeuza kuwa majedwali

Kwenye kituo cha kununulia kahawa pembezoni mwa Masaka, Uganda, karani ana vitabu vya risiti mezani. Kila kitabu kina karatasi 50 zilizopigwa namba 1 hadi 50, na jalada lina namba ya kitabu chenyewe, tuseme 0417. Mkulima akirudi na kusema tu "risiti yangu ni namba 23", karani hana pa kuanzia. Vitabu kumi vina namba 23 kumi. Atauliza: ya kitabu gani?

Swali hilo la karani ndilo kipimo cha huluki dhaifu, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake. Tutachukua ushirika mmoja wa kahawa na kuusanifia hifadhidata, tangu karatasi hadi SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata.

Maana, kwa ufupi

Huluki ni kitu unachotaka kukiwekea kumbukumbu: mkulima, kitabu, risiti. Huluki imara ina ufunguo wake yenyewe, yaani sifa inayoitambulisha bila kuichanganya na nyingine. Mwanachama mwenye namba 1182 ni mmoja tu katika ushirika mzima, huna haja ya kuuliza zaidi. Huluki dhaifu haina ufunguo unaotosha. Sifa zake zote ukizikusanya bado mistari miwili ya jedwali, yaani rekodi mbili, inaweza kufanana. Ili uitambue, unaazima ufunguo wa huluki nyingine, ambayo hapa tutaiita huluki mama, kisha unaongeza kitofautishi, yaani sifa inayotenganisha watoto wa mama mmoja. Kwa risiti, mama ni kitabu na kitofautishi ni namba ya karatasi. Uhusiano unaowaunganisha ni uhusiano wa utambulisho.

Peter Chen alipochapisha modeli ya huluki na uhusiano mwaka 1976, huluki dhaifu ilikuwamo tangu siku ya kwanza, pamoja na mstatili wake wa mistari miwili. Programu nyingi za kuchorea zimeacha alama hiyo, lakini tatizo lenyewe lingalipo.

Hatua ya 1: Orodhesha vitu, kisha kihoji kila kimoja

Ushirika wetu una vitu hivi: mwanachama, shamba, kitabu cha risiti, risiti, gunia lililopimwa, na malipo kwa simu. Chukua kimoja kimoja na uulize: mtu akinitajia namba ya kitu hiki peke yake, nitajua ni kipi?

Mwanachama: ndiyo. Kitabu: ndiyo, mradi mchapaji hajarudia namba za jalada. Hilo lihakikishe kwa macho, kwa sababu ushirika unaobadilisha mchapaji huweza kuanza tena 0001. Malipo: ndiyo, kwa kuwa kampuni ya simu hutoa namba ya muamala kwa kila malipo. Kama ushirika unalipa kupitia mitandao miwili, weka jina la mtandao pamoja na namba ya muamala, kwani kampuni moja haijui nyingine imetoa namba gani.

Shamba: hapana. Wakulima wengi wana "shamba la 1" nyuma ya nyumba na "shamba la 2" kando ya bonde. Risiti: hapana, tumeshaona. Gunia: hapana kabisa. "Gunia la 3" halina maana mpaka ujue la risiti ipi, na risiti yenyewe haina maana mpaka ujue ya kitabu kipi.

Hatua ya 2: Tenganisha kuwepo na kutambulika

Hapa ndipo michoro mingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Vitabu vya darasani hupenda kusema huluki dhaifu ni ile "isiyoweza kuwepo bila nyingine". Mwanafunzi akishika sentensi hiyo peke yake, atachora nusu ya hifadhidata kwa mistatili ya mistari miwili. Malipo hayawezi kuwepo bila mwanachama wa kulipwa, je, ni dhaifu? Hapana. Yana namba ya muamala inayojitosheleza. Yanamtegemea mwanachama kwa kuwepo, hayamtegemei kwa kutambulika. Kwenye jedwali utaweka ufunguo wa kigeni (safu inayotaja ufunguo wa jedwali jingine) usioruhusu NULL, yaani nafasi tupu, basi.

Risiti inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mfano mwingine wowote katika ushirika huu. Haiwezi kuwepo bila mkulima aliyeleta kahawa. Lakini jina la risiti, yaani namna unavyoitafuta kabatini, halitoki kwa mkulima. Linatoka kwenye kitabu. Kwa hiyo mama wa risiti ni KITABU, na uhusiano wake na MWANACHAMA ni wa kawaida ingawa ni wa lazima. Ukimfanya mwanachama kuwa mama, utalazimika kubuni "risiti ya kwanza ya mkulima 1182, ya pili, ya tatu", namba ambazo hazipo kwenye karatasi yoyote, na mhasibu hataweza kulinganisha kompyuta na kitabu.

Kanuni ya kufanyia kazi: kila huluki dhaifu inamtegemea mama yake ili iwepo, lakini si kila kinachomtegemea mwingine ili kiwepo ni huluki dhaifu.

Hatua ya 3: Chagua kitofautishi na ukijaribu kwa data halisi

Kitofautishi kizuri kina mambo matatu: hakirudiwi ndani ya mama mmoja, hakibadiliki, na mtu wa mezani anakijua bila kufungua kompyuta. Namba ya karatasi imefaulu yote matatu.

Kwa shamba kuna mtego. Wengi hutaka kutumia jina la mahali: "Kisenyi", "kando ya kisima". Makarani wawili wataandika jina hilo kwa herufi tofauti, na utapata shamba moja mara mbili. Tumia namba iliyoandikwa kwenye fomu ya usajili, na weka sheria kwamba mkulima akiuza shamba la 2, shamba jipya litakuwa la 3. Namba iliyokufa isifufuliwe, la sivyo kahawa ya mwaka jana itaonekana imetoka kwenye ardhi ya mwaka huu.

Hilo la ardhi si dogo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 kuhusu bidhaa na ukataji misitu inataka kahawa inayoingia soko hilo iambatane na mahali kipande cha ardhi ilikolimwa kilipo, tena vipande vinavyozidi hekta 4 vichorwe mipaka. Ushirika ulioandika tu "kahawa ya mzee fulani, kilo 159" utahangaika.

Kabla ya kuendelea, chukua rekodi za msimu mmoja, ziweke kwenye jedwali la muda, na uendeshe hii:

```
SELECT namba_kitabu, karatasi, COUNT(*)
FROM rekodi_za_zamani
GROUP BY namba_kitabu, karatasi
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Ikirudisha mstari hata mmoja, ama karani alikosea kunakili, ama kitofautishi chako hakitoshi. Angalia karatasi yenyewe kabla ya kuamua.

Hatua ya 4: Chora

Kwa alama za Chen: huluki imara ni mstatili wa mstari mmoja, dhaifu, mstatili wa mistari miwili. Uhusiano wa utambulisho ni umbo la almasi lenye mistari miwili. Ufunguo wa huluki imara hupigiwa mstari kamili chini ya jina. Kitofautishi hupigiwa mstari wa vipandevipande. Upande wa huluki dhaifu, mstari unaoingia kwenye almasi huwa maradufu, kwa maana kila mtoto lazima awe na mama. Upande wa mama andika 1, upande wa mtoto N.

Katika mchoro wetu kuna mnyororo: KITABU, kisha RISITI, kisha GUNIA. RISITI ni dhaifu kwa KITABU, na papo hapo ni mama wa GUNIA. Hakuna ubaya. Kosa la kawaida ni kumrukisha GUNIA moja kwa moja hadi KITABU. Basi magunia ya karatasi ya 23 na ya 24 yanachanganyika.

Ukitumia alama za mguu wa kunguru, programu nyingi huonyesha uhusiano wa utambulisho kwa mstari mzima na ule wa kawaida kwa mstari uliokatikakatika.

Hatua ya 5: Geuza kuwa majedwali

Huluki imara hugeuka jedwali bila maneno mengi. Huluki dhaifu hupata jedwali lenye safu zake, pamoja na safu za ufunguo wa mama, na ufunguo msingi (PRIMARY KEY) ni ufunguo wa mama na kitofautishi kwa pamoja. Uhusiano wa utambulisho haupati jedwali lake. Ukiuundia, utakuwa umerudia safu zilezile ambazo tayari zimo kwa mtoto.

```
CREATE TABLE mwanachama (
  namba_mwanachama INT PRIMARY KEY,
  jina VARCHAR(80) NOT NULL
);

CREATE TABLE shamba (
  namba_mwanachama INT NOT NULL,
  namba_shamba SMALLINT NOT NULL,
  ekari DECIMAL(5,2),
  PRIMARY KEY (namba_mwanachama, namba_shamba),
  FOREIGN KEY (namba_mwanachama)
    REFERENCES mwanachama (namba_mwanachama)
);

CREATE TABLE kitabu (
  namba_kitabu CHAR(4) PRIMARY KEY,
  kituo VARCHAR(40) NOT NULL
);

CREATE TABLE risiti (
  namba_kitabu CHAR(4) NOT NULL,
  karatasi SMALLINT NOT NULL
    CHECK (karatasi BETWEEN 1 AND 50),
  tarehe DATE NOT NULL,
  namba_mwanachama INT NOT NULL,
  namba_shamba SMALLINT NOT NULL,
  PRIMARY KEY (namba_kitabu, karatasi),
  FOREIGN KEY (namba_kitabu)
    REFERENCES kitabu (namba_kitabu)
    ON DELETE RESTRICT,
  FOREIGN KEY (namba_mwanachama, namba_shamba)
    REFERENCES shamba (namba_mwanachama, namba_shamba)
);

CREATE TABLE gunia (
  namba_kitabu CHAR(4) NOT NULL,
  karatasi SMALLINT NOT NULL,
  namba_gunia SMALLINT NOT NULL,
  kilo DECIMAL(5,1) NOT NULL,
  PRIMARY KEY (namba_kitabu, karatasi, namba_gunia),
  FOREIGN KEY (namba_kitabu, karatasi)
    REFERENCES risiti (namba_kitabu, karatasi)
    ON DELETE CASCADE
);
```

Namba ya kitabu ni CHAR, si INT, ili 0417 isigeuke 417. Huo ni ugonjwa wa karatasi za Excel pia: ukileta data kutoka huko, sifuri za mbele huenda zimeshapotea.

Tazama sasa ufunguo wa kigeni kutoka risiti kwenda shamba. Una safu mbili kwa pamoja, na hizo ndizo faida kubwa ya kubeba ufunguo wa mama. Karani akiandika mwanachama 1182 na shamba la 4, wakati 1182 ana mashamba mawili tu, hifadhidata inakataa. Ungekuwa umempa shamba namba ya bandia inayojiongeza, tuseme shamba 907, risiti ingeweza kumtaja mwanachama 1182 na shamba 907 la jirani yake, na hakuna ambacho kingelalamika. Kahawa ingehamia ardhi nyingine kimyakimya.

Risiti ya mfano: kitabu 0417, karatasi ya 23, magunia matatu ya kiboko, yaani robusta iliyokaushwa na ganda lake: kilo 62.5, 58.0 na 41.5. Mistari mitatu kwenye gunia, mmoja kwenye risiti. Jumla ni 162.0; ukitoa kilo 1 ya uzito wa kila gunia tupu, zinabaki 159.0. Usihifadhi jumla hiyo kwenye risiti kama mistari ya magunia ipo. Siku moja gunia litasahihishwa na jumla itabaki ya zamani.

Hatua ya 6: Amua kitakachotokea mama akifutwa

Kwa kuwa mtoto dhaifu hana utambulisho bila mama, wengi huweka ON DELETE CASCADE (mama akifutwa, watoto wafutwe naye) kila mahali na kuona wamemaliza. Kwa gunia ni sawa. Kwa risiti ni hatari: kufuta kitabu kimoja kwa bahati mbaya kungefuta risiti 50 na magunia yake yote kwa amri moja. Ndiyo maana hapo juu kuna RESTRICT, inayokataa kumfuta mama mwenye watoto. Na risiti iliyoharibika haifutwi hata kidogo. Ongeza safu ya hali na uiandike "imebatilishwa", kwa sababu mkaguzi atahesabu karatasi 50 kwenye kitabu na atataka kuziona 50 kwenye kompyuta.

Huwezi kutumia ON DELETE SET NULL kwa uhusiano wa utambulisho. Safu ile ni sehemu ya ufunguo msingi, na ufunguo msingi haukubali NULL.

Kutoa namba inayofuata

Gunia linahitaji namba 1, 2, 3 ndani ya kila risiti, na AUTO_INCREMENT ya kawaida, yaani namba inayojiongeza yenyewe, haijui kuanza upya kwa kila mama. Watu huandika MAX + 1. Inafanya kazi mpaka mizani iwe miwili: makarani wawili wanasoma 2 kwa wakati mmoja, wote wanaandika 3, mmoja anapata kosa la ufunguo uliorudiwa. Mfunge mama kwanza:

```
BEGIN;
SELECT karatasi FROM risiti
 WHERE namba_kitabu = '0417' AND karatasi = 23
 FOR UPDATE;
INSERT INTO gunia
SELECT '0417', 23, COALESCE(MAX(namba_gunia), 0) + 1, 41.5
  FROM gunia
 WHERE namba_kitabu = '0417' AND karatasi = 23;
COMMIT;
```

COALESCE ipo kwa ajili ya gunia la kwanza, ambapo MAX hurudisha NULL.

Mama wawili: namba ya mtahiniwa

Aliyesoma Uganda anaijua namba ya UNEB, baraza la mitihani la taifa: namba ya kituo, mkwaju, kisha namba ya mtahiniwa. Mtahiniwa 023 yuko katika kila kituo chenye watahiniwa wa kutosha, kwa hiyo kituo ni mama wa kwanza. Lakini mwaka ujao kituo kilekile kitakuwa na 023 mwingine. Mama wa pili ni mtihani, yaani mwaka na kiwango chake, UCE (kidato cha nne) au UACE (kidato cha sita). Ufunguo kamili: mwaka, kiwango, kituo, namba. Shule nyingi huandika mfumo wa matokeo wenye kituo na namba tu, unaendesha vizuri mwaka mzima, kisha unagoma siku ya kupakia matokeo ya mwaka wa pili.

Mtahiniwa pia si mtu. Mtu ana NIN yake, namba ya utambulisho wa taifa, yenye herufi na tarakimu 14, na akirudia mtihani anakuwa watahiniwa wawili.

Pale ufunguo wa mama unapobadilika

Vijiji ni mnyororo mrefu wa udhaifu: wilaya, kaunti, gombolola, muluka, kijiji. Jina la kijiji halitoshi, na hata jina kama Central Ward linapatikana katika miji mingi. Ukifuata kanuni ya hatua ya 5, jedwali la kijiji litakuwa na ufunguo wa safu tano. Sasa kumbuka kwamba mwaka 2010 Bukomansimbi, Kalungu na Lwengo zilimegwa kutoka Masaka, na mwaka 2020 Jiji la Masaka likatengwa na wilaya. Kila mara, funguo za miluka na vijiji vyote vya eneo lililohama zingepaswa kuandikwa upya, pamoja na kila jedwali linalozitaja.

Hapa namba ya bandia inastahili. Kipe kila kiwango id yake, weka muluka_id kwenye kijiji, na usisahau sehemu hii:

```
UNIQUE (muluka_id, jina)
```

pamoja na NOT NULL kwa zote mbili. Gombolola ikihamia wilaya nyingine, unabadilisha mstari mmoja. Kwenye mchoro kijiji kinabaki dhaifu. Id ni uamuzi wa utekelezaji. Bila UNIQUE hiyo, id itakubali kijiji kilekile mara tano, kila kimoja na namba yake safi.

Maoni yetu: utambulisho uliochapwa kwenye karatasi na usiobadilika, kama kitabu na karatasi, uachie ufunguo wa safu nyingi. Unaotegemea maamuzi ya utawala, tumia id na UNIQUE. Zana nazo zina kauli: Eloquent ya Laravel haiungi mkono funguo msingi za safu nyingi, na Django imezipata katika toleo la 5.2 tu. Ukilazimika kutumia id kwa sababu hiyo, UNIQUE iko palepale.

Simu mbili si huluki mbili

Mkulima mwenye laini ya MTN na ya Airtel ana sifa yenye thamani nyingi. Jedwali lake litafanana na la huluki dhaifu (mwanachama, simu), lakini kwenye mchoro ni duaradufu yenye mistari miwili. Siku laini hiyo itakapohitaji jina la aliyeisajili na alama ya "hii ndiyo ya malipo", igeuze huluki.

Jaribu kuivunja

Kabla ya kumkabidhi karani mfumo, ingiza makosa haya kwa makusudi. Yote yanapaswa kukataliwa: karatasi ya 23 ya kitabu 0417 mara ya pili. Karatasi ya 51. Gunia la risiti isiyokuwepo. Risiti ya mwanachama 1182 yenye shamba la 4. Kufuta kitabu chenye risiti.

Likipita lolote, angalia haya kwanza. SQLite, ambayo programu nyingi za simu huitumia, haisimamii funguo za kigeni mpaka uandike PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho. MySQL iliyo chini ya 8.0.16 husoma CHECK na kuipuuza, kwa hiyo karatasi ya 51 itaingia. Majedwali ya MyISAM, injini ya zamani ya kuhifadhia data ya MySQL, hupuuza funguo za kigeni zote. Na kama gunia la karatasi ambayo haipo limekubaliwa kwenye InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL, huenda uliandika ufunguo wa kigeni wa namba_kitabu peke yake kwenda risiti: PostgreSQL ingekukatalia pale pale kwa kuwa safu hiyo peke yake si ya kipekee, lakini InnoDB ya matoleo ya zamani huruhusu. Rudisha safu zote mbili kwenye FOREIGN KEY moja, kisha ujaribu tena.